Ndiva ya Wajomba

Mpwa wangu, ukitaja bwawa mbele ya vijana wa Mwanga siku hizi, wote watageuza macho kuelekea tambarare, kule ambako maji ya Nyumba ya Mungu hung'aa jua linapotua. Si kosa lao. Bwawa lile lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, nikiwa bado mwanafunzi, likayakusanya maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, likatupa umeme na perege, na malori yakaanza kupandisha milimani samaki wa kukaushwa ambao harufu yao ilitangulia gari kwa mwendo wa kona mbili. Lina historia yake na wasimulizi wake. Mimi nataka nikusimulie bwawa jingine, ambalo mtu mzima aliuzunguka ukingo wake kabla hajamaliza kutafuna kipande cha muwa. Lilikuwa juu kwetu Ugweno, chini ya msitu wa Kindoroko, mahali ambapo mwezi wa Julai ukungu huingia hadi jikoni. Lilikuwa la udongo mtupu, bila mfuko hata mmoja wa saruji, na lilikuwa na wenyewe: ukoo wa wajomba zangu, ndugu za mama. Serikali haikulijenga, na misheni haikulijenga. Tuliliita ndiva, na ingawa lilichimbwa kwa ajili ya migomba na maharage, mimi nililijua kwanza kwa kuogelea.

Ndiva hujengwa hivi. Watu huchagua kibonde ambapo kijito kinapunguza kasi, wakapandisha ukuta wa mfinyanzi upande wa chini, wakaushindilia mawe na mabonge ya nyasi yaliyong'olewa pamoja na mizizi yake, na kwenye kitako cha ukuta wakaacha tundu. Tundu hilo huzibwa kwa gogo lililochongwa ncha na kuviringishiwa majani makavu ya mgomba. Jioni linazibwa, usiku kucha maji yanajikusanya, alfajiri mwenye zamu anakuja na kulichomoa gogo, na ndiva inatoa mlio wa mzee anayekohoa baada ya kuvuta tumbaku kali. Kijito chetu kilikuwa chembamba. Kama ungekielekeza shambani mchana kutwa, udongo wa mfereji ungekinywa chote kabla hakijafika mgomba wa kwanza. Lakini maji ya usiku mzima yakiachiliwa kwa pamoja yalikwenda kwa nguvu hadi mashamba ya bondeni kabisa, kwa watu ambao sisi wa juu tuliwaona kwenye harusi na misiba tu. Hesabu hiyo wazee waliijua kabla Mjerumani hajapanda Shighatini na Biblia yake. Upare wote, wa Kaskazini na wa Kusini, ulikuwa na ndiva za namna hiyo, na kila moja ilikuwa na ukoo uliojibu kwa ajili yake. Mambo makubwa ya Ugweno, jinsi Wasuya walivyowapokonya utawala Washana wahunzi, Profesa Isaria Kimambo aliyakusanya kwa wazee na kuyachapisha mwaka 1969. Haya madogo ya tope nimebaki nayo mimi.

Mwenye kauli juu ya ndiva ile alikuwa mjomba wangu mkubwa. Alikuwa na uso mrefu, kovu la shoka juu ya nyusi ya kushoto, na pua iliyozungukwa daima na vumbi la ugoro. Ujanani alikuwa miongoni mwa maelfu walioteremka hadi Same mwaka 1945 kuigomea kodi ya mbiru, ile ambayo kila mtu alikadiriwa kiwango chake na watu wasiomweleza wamekadiriaje. Kutoka huko alirudi na tabia moja ambayo hakuiacha: alitaka kila jambo lifafanuliwe mbele ya watu, na yeye mwenyewe alifafanua kila kitu. Zamu za maji alizitangaza kwa sauti, jina kwa jina, akimpa mjane wa jirani asiyekuwa wa ukoo wetu nafasi yake bila kumpunguzia. Kwa mpigo huohuo alitangaza miiko. Chungu chenye masizi kisitumbukizwe. Sabuni isifike. Viatu visikanyage ukuta, na wakati ule wenye viatu tulikuwa wa kuhesabika. Mwanamke asipande ukingoni. Na siku ya Ijumaa na Jumapili gogo lisichomolewe, kwa kuwa upande mmoja wa ukoo uliswali na upande mwingine uliimba tenzi za Kilutheri, na mjomba hakutaka mtu yeyote aone mwenzake akimwagilia wakati yeye yuko kwa Mungu wake.

Mwiko huo wa mwisho ndio uliotupa bahari yetu. Ndiva isiyofunguliwa Jumapili asubuhi ilikuwa imejaa hadi mdomoni kufikia adhuhuri, na mjomba, aliyekuwa mkali wa kumchapa mtoto kwa kudondosha embe bichi, alikaa juu ya jiwe lake akatuachia maji. Tulioga uchi, wakubwa kwa wadogo. Tuliunganisha mashina ya migomba kwa kamba tukapata chelezo. Wanywaji wa dengelua walipita juu ya njia wakitoka kunywa, na harufu ya miwa iliyochacha ilishuka pamoja nao, ikachanganyika na ile ya maganda ya kahawa yaliyorundikwa nyuma ya mashine ya kukobolea, na ile ya tope lenyewe, ambayo hadi leo nikiisikia mahali popote nasogea kuangalia. Kijana mmoja, ambaye baba yake mdogo aliendesha lori la mkonge kule Kisangara, alikuwa na tyubu ya gurudumu la nyuma, imezibwa viraka mahali pengi hadi haikujulikana rangi yake ya kwanza. Aliikodisha senti tano kwa kuvuka kwenda na kurudi. Uso wake ulikuwa wa mviringo na jicho moja alilifinya akihesabu, na nakuhakikishia hakukosea hesabu.

Zilikuwa zile sarafu mpya za mwaka 1966, tulipoanza kuwa na shilingi yetu wenyewe: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, thumni yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Samaki mmoja alikupatia andazi moja kwa mama aliyekaa njiani na beseni lililofunikwa kanga. Samaki wawili, gazeti lililokunjwa lenye karanga za moto. Thumni ilikuwa mali ya mtu mzima. Kwa thumni ulishuka Kikweni ukanywa soda, ukasimama mahali pa wazi ili uonekane ukiinywa. Ndiyo maana ukodishaji wa tyubu ulikuwa biashara nzito, na ndiyo maana wengi wetu tulijifunza kuogelea haraka, kwa kukosa senti. Dada yangu hakuogelea kamwe. Alikaa chini ya mparachichi nje ya mpaka akilinda kaptura zetu, akiwa na miguu yenye mbio kuliko yetu sote, akitupigia kelele nani amezama na nani anajifanya. Kanuni ile sikuililia wakati ule kwa kuwa haikunigusa, na yeye akiulizwa leo hujibu kwa kifupi kwamba alikuwa akiona mengi kuliko waliokuwa majini.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo. Sisi watoto tuliamini mjomba alituachia maji kwa upole. Haikuwa hivyo. Kila mwaka kiangazi kilipokaribia ukingoni, kabla ya mvua za vuli, baragumu la pembe ya tandala lilipigwa alfajiri na watu wakatoka kwa msaragambo. Ndiva ilikaushwa kabisa. Wanaume walichimba tope lililojaza tumbo lake mwaka mzima, wanawake wakalipokea chini ya ukuta na kulibeba kwa karai hadi migombani, kwa sababu tope lile lilishinda samadi ya zizi. Asiyefika bila udhuru alitozwa faini, na faini ililiwa au kunywewa palepale. Makande yalichemka tangu usiku katika masufuria makubwa, na kishumba kikapondwa kwa wazee wasio na meno. Tope likishatoka, chini palibaki mfinyanzi mwekundu ambao jua liliupasua katika muda wa kula chakula cha mchana. Hapo ndipo tulipoitwa sisi. Maji kidogo yalimwagwa, ng'ombe wakaingizwa, na nyuma ya ng'ombe tukaingia watoto wote wa kiume, tukacheza mpira wa majani ya migomba katika uji ule hadi tukawa wa rangi moja. Tulicheza tukiangushana, na wakubwa wakitushangilia tuendelee. Mfinyanzi uliokanyagwa ukiwa mbichi hufunga vitundu vyake, maji hayapenyi. Mafundi wa mabwawa duniani kote wanalijua jambo hilo na wana mashine zake. Wajomba zangu walikuwa na sisi, nasi tulilipwa Jumapili.

Kazi yetu ya pili hatukujua kwamba ni kazi. Ukuta wa udongo hauvunjiki kwa ghafla. Fuko huchimba, kaa wa mtoni huchimba, mzizi wa mti uliokatwa huoza na kuacha mrija, na maji yanaanza kutoa jasho upande wa nje. Mjomba alituzungusha nje ya ukuta mara kwa mara, akatuonyesha kwa fimbo. Jasho jeupe lisikutishe, alisema. Jasho jekundu, piga mbiu. Maana yake ni kwamba maji masafi yanayochuruzika yamepita tu, lakini yakitoka na rangi ya udongo, yanaubeba ukuta kutoka ndani, punje kwa punje, na tundu linapanuka usiku na mchana. Mtoto anayeteleza uchi kwenye ukuta ule kila Jumapili huona mwenyewe palipobonyea. Huona shimo la kaa kwa sababu anamtaka kaa. Nakumbuka siku moja tulimkuta kaa mkubwa, tukamchimbua kwa ugomvi, na mjomba, badala ya kutukaripia kwa kuharibu ukuta, akatupa muwa mzima, akatuma mtu alete mfinyanzi. Binamu mmoja aliwahi hata kuleta perege hai ndani ya debe kutoka Ziwa Jipe, akipandisha mlima kwa miguu na kubadilisha maji kila alipokuta kijito. Wengi walikufa njiani. Waliosalia walizaana, na tangu hapo watoto walishinda ukingoni na ndoana hata siku zisizo za kuogelea.

Mwaka 1973 redio ilituletea Mtu ni Afya. Ninyi mliozaliwa juzi hamuwezi kujua ukubwa wa kampeni ile: vikundi vya watu wazima nchi nzima, karibu milioni mbili wanavyosema, wakikaa chini ya miti na vibarazani kusikiliza kipindi, kisha kusoma kijitabu na kujadiliana. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi bondeni, nikapanda likizo nikakuta kikundi kimeketi karibu na nyumba ya mjomba, redio ya betri juu ya kiti, mwalimu akisoma habari ya kichocho. Konokono wa majini, mkojo wa mtu mgonjwa, ngozi ya mtoto anayeoga. Habari ile ilikuwa ya kweli, na ninaomba usinisikie nikiibeza. Nimewaona watoto wa tambarare wakikojoa damu. Kuhara kulipungua na vyoo vikachimbwa. Juu kwetu kwenye baridi sikuwahi kumjua mtoto aliyeugua kichocho, lakini nani angeuliza? Mwezi haukuisha, kuogelea kukapigwa marufuku. Mjomba alitaka afafanuliwe ni nani amewapima konokono wa ndiva yake. Alijibiwa kwamba kijitabu kimeshaeleza. Alinyamaza, akavuta ugoro, na siku ile kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

Mwaka uliofuata sheria mpya ya maji ilitamka kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni ya Jamhuri. Kwa Mwalimu na wenzake jambo hilo lilifuata mkondo wa Azimio la Arusha, na ukiangalia jinsi mashamba makubwa ya mkonge yalivyoshika mito kule chini, huwezi kusema halikuwa na sababu. Huku juu, watu wa Ugweno hatukuhamishwa kwenda vijijini, maana tulikwishabanana tayari. Kilichohama ni kauli. Ndiva ikawa ya kijiji. Kamati ikaundwa, ya watu wazuri, baadhi yao wa ukoo uleule. Zamu zikaandikwa kwenye daftari. Kwa miaka michache mambo yakaenda, kisha msaragambo ukageuka kuwa kazi ya maendeleo ya siku maalumu ya wiki, na siku hiyo kulikuwa na zahanati ya kujenga, barabara ya kuchimbua, darasa la kuezeka. Ndiva ilisubiri. Baridi ya Brazil ya mwaka 1975 iliunguza kahawa yao, bei ya yetu ikapanda, tukanunua mabati na redio, na mwenye pesa akaanza kumlipa kibarua badala ya kwenda na jembe mwenyewe. Mwaka 1979 Wilaya ya Pare ikagawanywa, tukawa watu wa Mwanga. Mwaka 1980 jirani yetu wa Usangi, Mzee Cleopa Msuya, akawa Waziri Mkuu, na milimani watu walitembea vifua mbele wakizungumzia mabomba. Mjomba alifariki miaka hiyo. Gogo la ndiva lilikutwa limewekwa ndani ya nyumba yake, nyuma ya mlango, na hakuna aliyejua alilichukua lini.

Bei ya kahawa iliporomoka baada ya mapatano ya kimataifa kuvunjika mwaka 1989. Vijana walishuka: Dar es Salaam, Arusha, Mererani kwenye tanzanaiti. Mikaratusi ikapandwa juu ya kijito kwa ajili ya mbao. Maji yalikusanyika vivyo hivyo, kidogo zaidi kila mwaka, ndani ya tumbo lililojaa tope, na magugu yakaota juu ya ukuta hadi huwezi kuona upande wa nje. Halafu zikaja mvua za El Niño, kuanzia mwisho wa mwaka 1997 hadi mwanzoni mwa 1998. Reli na barabara zilikatika nchini kote, kwa hiyo nani angetangaza habari za kibwawa? Ukuta ulifunguka usiku, mahali palepale ambapo zamani tuliwinda kaa. Hakuna aliyekufa, maji yaliondoka na migomba ya watu watatu, choo kimoja na mbuzi. Nilipopanda kuangalia nilikuta mrija unaopitisha kichwa cha mtoto, laini ndani, wa siku nyingi. Jasho jekundu lilikuwa limetoka huenda kwa misimu kadhaa, nyuma ya magugu, na hapakuwa na mtoto wa kuteleza pale akaliona.

Watu wa semina watakwambia kwamba ndiva zilikufa kwa sababu ukoo ulinyang'anywa mali. Kuna ukweli hapo, lakini nimeishi muda mrefu, nimeona pia ndiva za koo zilizobaki na wenyewe zikafa vilevile kwa uvivu na ugomvi wa urithi. Ile ya wajomba zangu ilidumu kwa kuwa wenyewe walijua kuwaweka watoto ndani yake bila kuwapa mshahara. Hati ya umiliki haikanyagi udongo. Marufuku ya kuogelea ilipokuja, watu walihesabu walichookoa, yaani afya, na hawakuhesabu miguu na macho waliyoyaondoa ukutani.

Nimesikia kwamba wewe na binamu zako mnataka kuujenga upya ukuta ule, mweke mabenchi na banda la nyama choma, na kuwatoza kiingilio wageni wanaojazana kwetu kila Krismasi. Wapo wazee waliokasirika. Mimi sikukasirika, starehe ilikuwepo pale kabla yenu. Fuateni tu mambo machache. Kibali cha bonde la Pangani mkitafute mapema, kwa kuwa sheria ya mwaka 2009 haitanii na anayezuia kijito bila ruhusa. Maji yapelekwe maabara, kichocho si hadithi. Tundu la chini msilizibe kwa saruji. Watu wa bondeni wana haki zaidi na maji ya alfajiri kuliko wageni wenu walivyo na haki na maji ya jioni. Magugu ya nje yafyekwe, mtu azunguke ukuta kila wiki, ajue rangi ya jasho. Mfinyanzi ukiwa mbichi, waiteni watoto wote wa mtaa waukanyage, na safari hii wa kike waingie pamoja na ndugu zao; dada yangu ameahidi kuja kusimamia, na mjue ana sauti. Kiingilio watozeni wageni. Mtoto wa jirani aliyekanyaga udongo wenu asilipe hata senti, maana kwake ninyi ndio mnaodaiwa.